Glasi ya Jirani Yangu

Mimi ni Mkimbangu wa kuzaliwa, yaani mtu wa kanisa la Simon Kimbangu hapa Kongo. Sinywi pombe, sivuti tumbaku, sili nyama ya nguruwe, sichezi dansi ya baa. Nikiingia hekaluni naacha viatu nje na kufunika kichwa. Ndoa kwetu ni mume mmoja na mke mmoja, na anayekwenda kinyume anajua amekwenda kinyume. Katika mji kama Lubumbashi, ambapo harusi, kilio, mshahara na hata ushindi wa Mazembe, timu yetu ya mpira, vyote vinaishia kwenye meza yenye chupa za bia ya Simba, kuishi hivyo kuna gharama. Kuna sherehe ambazo sialikwi tena. Kuna shemeji zangu wanaoona ninawadharau nikisukuma glasi pembeni na kuomba maji. Nimeikubali gharama hiyo tangu ujana na sijutii.

Natanguliza haya kwa sababu wengi wanaosema "mwache kila mtu afanye atakavyo" ni watu ambao hawana wanachojinyima. Ni rahisi kwao. Mimi ninacho, tena ninaamini kwa moyo wote kwamba sheria ninazozishika zinatoka kwa Mungu. Pamoja na hayo ninaamini kwamba sina ruhusa ya kumtwika mwenzangu sheria hizo kwa nguvu. Watu wa kanisani kwangu wananiuliza mambo haya mawili yanakaaje pamoja. Nataka kujibu kwa urefu, maana mwaka huu nimeulizwa kwa ukali.

Nianze na aliyetuletea sheria zenyewe. Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba, Kongo ya Chini, mwezi wa nne mwaka 1921. Watu walimiminika kwake kwa maelfu, wakaacha mashamba na vibarua, na njiani walitupa hirizi na sanamu walizokuwa wakizitegemea. Alihubiri waache uchawi, waache wake wengi, waache ngoma za zamani. Hakuwa na askari, hakuwa na jela, hakuwa na mshahara wa mtu wa kumkata. Aliyetaka alitupa hirizi yake, na asiyetaka alirudi nayo kijijini. Wabelgiji ndio waliokuwa na askari na jela. Septemba walimkamata, Oktoba mahakama ya kijeshi kule Thysville ikamhukumu kifo, kisha mfalme Albert akaibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta huku kwetu, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mbali kabisa na watu wake. Akafia hapa tarehe 12 Oktoba 1951, bado mfungwa, baada ya miaka 30. Mwaka 1960 mwili wake ukarudishwa Nkamba.

Sisi tuliokulia Lubumbashi tumesikia habari hizo tangu utoto, na mara nyingi zinasimuliwa kama habari za mateso tu. Mimi naziangalia kwa upande mwingine. Tangu 1921 hadi tarehe 24 Desemba 1959, siku serikali ya kikoloni ilipolitambua kanisa letu, imani hii ilibebwa na watu ambao hawakuweza kumlazimisha mtu yeyote. Walihamishwa kwa nguvu wakatawanywa mikoa ya mbali. Walikusanyika usiku. Aliyeacha pombe wakati huo aliiacha bila kusifiwa na yeyote, na aliyeirudia hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwadhibu, kwa sababu wote walikuwa chini ya kiatu kimoja. Hata hivyo, karibu miaka arobaini ilipokwisha, sheria zilikuwa zimesimama, zimeshikwa na wengi kuliko mwanzo. Mtu akiniambia kwamba bila kubanwa watu watapotea, ninamwonyesha miaka hiyo.

Kisha mambo yaligeuka, na hapa naomba ndugu zangu wa kanisani wanivumilie. Mwishoni mwa 1971 rais Mobutu alitoa sheria ya makanisa. Waliotambuliwa walikuwa Wakatoliki, Waprotestanti waliokusanywa chini ya mwavuli mmoja, na sisi. Wengine wengi waliambiwa wajiunge na hao au wafunge milango. Watu wa Kitawala, dini iliyotokana na Watch Tower, ambao mkoloni aliwafunga na kuwahamisha kama alivyotufanyia sisi, walibaki nje ya sheria. Wazee wetu walifurahi, na ninaielewa furaha yao baada ya yote yaliyowapata. Lakini sijawahi kusikia katika simulizi za nyumbani kwetu kwamba kuna aliyesimama kuuliza: na hawa wengine? Miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu sisi wenyewe tuitwe hatari kwa usalama wa nchi.

Mji huu, kwa kweli, umejengwa na watu waliopenda kuchungulia maadili ya wengine. Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, ilipoamua, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwamba wafanyakazi wakae kambini na familia zao badala ya kuja na kuondoka, ilichukua pia kazi ya kuwalea. Kampuni iligawa chakula, watawa walifundisha wake kushona na kulea watoto, na palikuwa na macho ya kutazama nani anaishi na nani. Mwanamke aliyekaa mjini bila mume aliandikwa kama mtu anayeishi peke yake "kinadharia" na kutozwa kodi kwa ajili hiyo. Fikirini: serikali iliyohubiri ndoa takatifu ilikula kodi ya wanawake iliowashuku kuwa makahaba.

Mwaka 1948 ikaja kadi ya sifa ya kiraia kwa Mkongo aliyehesabika kuwa amestaarabika, na 1952 ikafuata daraja ya juu zaidi, ile wazee waliyoiita imatrikilasio. Lumumba mwenyewe aliiomba, akakataliwa kwanza, akaipata 1954. Ili uipate, wakaguzi walikuja nyumbani kwako. Waliangalia kama kuna uma na visu, kama choo ni safi, kama mke anakula mezani pamoja na mume. Babu yangu, aliyekuwa karani, alitusimulia jinsi majirani walivyoazimana vitambaa vya meza siku ya ukaguzi. Kitambaa kimoja cha maua kilipita nyumba nyingi, kinafuliwa, kinapigwa pasi, kinapelekwa kwa anayefuata. Choo safi ni jambo jema, na mke kula na mumewe ni jambo jema zaidi. Lakini kitambaa kile kilipoondoka, mke alirudi kula jikoni.

Mobutu alipokuja na uhalisi wake, ile siasa ya kurudia asili ya Kiafrika, mwelekeo uligeuka lakini mkono ulikuwa ule ule. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa jela, na Kardinali Malula alipopinga ikabidi aende Roma kwa miezi. Wanaume walivuliwa tai na suti wakavaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Mama yangu alikuwa msichana. Alikuwa na suruali moja, ya rangi ya machungwa, aliyoshonewa na shangazi yake wa Kolwezi. Vijana wa chama walisimama njiani wakiwakamata wasichana na kuwadhalilisha mbele za watu, kwa jina la heshima ya mwanamke wa Kiafrika. Mama aliikata ile suruali akaifanya nguo za mtoto. Maisha yake yote amevaa kikwembe, yaani kitenge, na anakipenda, lakini ukimtajia mwaka ule sauti yake inabadilika. Anasema: "Ningevaa kikwembe mwenyewe. Hawakuningoja."

Na kazi hiyo haikuisha na Mobutu. Sheria yetu ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke mwenye mume apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi, na hali hiyo iliendelea hadi ilipobadilishwa 2016. Nilianza kufundisha chini ya sheria hiyo. Mume wangu, mtu mwema, aliniandikia karatasi bila swali. Wema wake haukuondoa ukweli kwamba riziki yangu ilingoja saini yake.

Sasa nije kwenye jambo lililoniletea maswali.

Tunaishi Katuba, katika lupango ya kawaida: nyumba kubwa ya baba wa lupango mbele, vyumba vya wapangaji kwa mstari nyuma, robine moja ya maji, choo kimoja, mwembe katikati. Chumba cha mwisho alikaa dada mmoja, hajaolewa, anayehudumia katika baa ya komini ya Kenya. Alirudi usiku wa manane. Geti letu linafungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa hiyo alipofika aligonga, mnyororo ukalia, watoto wakaamka, baba wa lupango akatoka na tochi akinung'unika. Hilo lilikuwa tatizo la kweli, wala sitalipunguza. Mimi mwenyewe huamka saa kumi na moja kwenda shule.

Jumapili moja mchana mama mmoja wa chumba cha pili, mtu wa sala sana, wa kanisa la uamsho, alikuja kwangu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Ilianza: "Sisi wapangaji wa lupango hii tunaomba kwa heshima..." Geti lilitajwa mara moja tu. Baada ya hapo palifuata mavazi yake, chupa mbili zilizoonekana nyuma ya mlango wake, kaka aliyemtembelea Jumanne, na "mfano mbaya kwa mabinti zetu". Mwisho waliomba afukuzwe mwezi huo huo. Majina yalikuwa yamejaa, wengine saini, mmoja kidole gumba. Mwenye kidole kile ni baba anayekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi, na mkewe ndiye anayewalisha watoto kwa kuuza makala ya kupikia, yaani mkaa.

"Mama mwalimu, tumekuachia nafasi juu kabisa," aliniambia. "Wewe hunywi, wewe ni mtu wa Mungu. Jina lako likiwa pale, baba wa lupango hatakataa."

Hayo maneno ndiyo ninayoyawaza hadi leo. Walitaka kutumia kujinyima kwangu. Miaka yote niliyosukuma glasi pembeni, waliihesabu kama fungu la feza lililowekwa akiba, na sasa wanataka litolewe limnunulie dada huyu mzigo wa kuhama.

Nilimwomba tukae chini ya mwembe na wote walioandika. Walikuja na viti vyao. Dada mwenyewe alikuwa mlangoni kwake anaosha sahani, beseni la povu mbele yake, anasikia kila neno. Nikasema geti lina dawa: tutengeneze funguo ya pili, dada awe nayo, na mnyororo tuufunge kitambaa usilie. Mtu wa funguo yuko pale sokoni, ni kazi ya muda mfupi. Wakanyamaza. Kisha mama wa chumba cha pili akasema, "Lakini mama mwalimu, hiyo haimalizi jambo." Nikamuuliza jambo ni lipi, basi, kama usingizi wa watoto umepona? Hakutaja geti tena. Alisema yeye anaamka usiku kufunga na kusali, analea watoto bila msaada, hana nguo mpya tangu Noeli, na huyu anacheka kila siku.

Sikumwona mbaya aliposema hivyo. Nilimwona amechoka. Anayejinyima kwa miaka mingi, kuna siku anatamani alipwe. Mungu anakawia kulipa, na jirani yuko karibu. Akiona jirani huyo anapita bila kuadhibiwa na chochote, kujinyima kwake kunaanza kufanana na hasara. Hapo ndipo karatasi inapochanwa kwenye daftari. Ninaifahamu hali hiyo kwa ndani. Kila anayeshika sheria ngumu anaifahamu, na afadhali tuiseme hekaluni kuliko kuivika jina la upendo.

Baba wa lupango alitusikiliza akiwa amesimama. Kila mtu katika avenyu yetu anajua biro lake la pili, yaani hawara yake, liko Ruashi, na kwamba mama wa nyumbani analijua. Hakuna aliyewahi kuchana daftari kwa ajili yake. Sisemi hivi ili nimwaibishe, kwa maana simtaji. Ninasema kwa sababu sijaona, katika mitaa hii, maadili yakipanda juu. Yanashuka. Yanamfikia mpangaji, hayamfikii mwenye nyumba. Yanamfikia binti, mtumishi wa ndani, mjane, mtoto wa marehemu ndugu. Kama kweli ingekuwa hasira ya Mungu, ingeanza na mwenye geti.

Dada aliweka sahani chini akajifuta mikono. "Mimi nalipa nyumba kila tarehe tano," alisema. "Kuna mwenye kulipa mbele yangu?" Hakuna aliyejibu. Wiki ile ile akapata funguo yake. Alikaa nasi hadi alipopata kazi nyingine upande wa Kampemba, akahama kwa mapenzi yake na garanti yake, ile feza ya amana ya chumba, mkononi. Msichana wa peke yake anayetafuta chumba Lubumbashi swali la kwanza analoulizwa ni "bwana wako yuko wapi?" Angefukuzwa katikati ya mwezi, garanti ingekatwakatwa kwa matengenezo ya uongo, na angelala kwa nani? Walioandika ile karatasi hawakujiuliza.

Nilipolisema jambo hili kanisani, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinijibu hivi: "Binti yangu, ukimwona ndugu yako anakwenda shimoni, utakaa kimya kwa heshima? Huo si upendo." Ni hoja nzito na siitupi. Upendo unaonya. Nimewaonya watu wengi, wazi, uso kwa uso, nikiwaambia pombe itawamaliza, na mmoja aliniita mchawi kwa hilo. Lakini nimejiwekea kipimo, nacho ni swali: huyu ninayemwambia, akinijibu hapana, atalala wapi leo? Kama atalala kitandani kwake, atakula bukari yake, yaani ugali, atakwenda kazini kwake kesho, basi nimemwonya, na jibu lake ni lake. Kama hapana yake itamgharimu chumba, karo, mshahara au ngozi ya mgongo, basi nimeacha kuonya. Nimemshika koo, hata kama sauti yangu ni ya upole.

Kipimo hicho kilinijia nyumbani kabla sijakitumia kwa majirani. Binti yangu wa pili anasoma Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, analala kampasi ya Kasapa. Likizo moja tulikuwa mezani, bukari na mboga ya lengalenga na samaki wa thomson, akaweka tonge chini akasema: "Mama, mimi hekaluni siendi tena. Sitaki nikudanganye." Baba yake alitoka nje. Mimi nilikaa. Nilihisi kitu kinachanika, kwa sababu bibi yangu alihamishwa kwao akiwa mtoto kwa ajili ya imani hii, na sasa inaachwa na binti yangu kwenye sahani ya lengalenga.

Familia ilikutana. Shangazi yake alisema lile ambalo wengi wangesema: "Kata feza ya masomo. Mwaka mmoja tu. Atarudi mwenyewe." Wengine wakaitikia. Nikawauliza: atarudi nani? Atakayerudi ni msichana mwenye njaa anayetaka kumaliza shahada yake. Atakaa kwenye benchi, atafunika kichwa, ataimba nyimbo zote kwa moyo kwa sababu anazijua tangu utoto, na watu watanipongeza. Nami nitakuwa nimemfundisha kwamba hekalu ni mahali pa kununuliwa. Mkoloni alitaka babu zake walikane hekalu ili wapate amani. Mimi ningetaka alikiri ili apate karo. Sioni tofauti kubwa ninayoweza kujivunia.

Nimeendelea kulipa. Haikuwa rahisi na bado si rahisi. Kila muhula ninapotoa feza ile mkono unasita. Nyumbani kwangu sheria za nyumba zipo: nguruwe hapikwi kwenye sufuria yangu, chupa haiingii, na binti anazifuata bila kinyongo, kama anavyovua viatu akiingia kwa Waislamu wa mtaa wa pili. Anajua kwamba akikataa, tutagombana kwa maneno na usiku kitanda chake kitakuwa kimetandikwa. Ananiuliza maswali magumu juu ya imani ambayo hakuniuliza alipokuwa anakwenda kila Jumapili. Baadhi yake nimeyapeleka kwa mzee yule yule wa kanisani.

Kuna wanaonisikia wanadhani ninasema tusiingilie kamwe. Hapana. Ukimya nao una wahanga wake katika mji huu, na nitaeleza ninapoweka mpaka.

Mwaka 1925 alivuka kuingia huku kwetu Katanga mtu aliyeitwa Tomo Nyirenda, mzaliwa wa Nyasa, Malawi ya leo, aliyejiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Alihubiri watu wapendane na waache uchawi. Watu walimpenda. Kisha ubatizo wake ukageuka kuwa mtihani: aliyezamishwa mtoni na maji yasimfunike sawasawa alihesabiwa mchawi, akauawa. Aliua hivyo watu wengi, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na upande wetu, kabla ya kukamatwa na kunyongwa 1926. Alikuja kuisafisha nchi. Waliomsaidia kuwashika wenzao ndani ya maji walikuwa majirani zao, na nadhani wengi waliamini kabisa kwamba wanafanya jambo jema.

Mto umebadilika tu. Nilikuwa na mvulana darasani, mpole, mzuri wa hesabu, aliyeacha kuja shule. Mdogo wake alikuwa amefariki, baba amepoteza kazi kwenye machimbo, na mhubiri mmoja aliwaambia kwamba tatizo liko ndani ya nyumba na lina jina. Niliporuhusiwa kumwona alikuwa amefungiwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, siku ya kufunga kwa lazima, midomo imepasuka. Aliniamkia kwa adabu kama tuko darasani. "Yambo, mama mwalimu."

Pale sikuuliza ruhusa ya mtu. Nilikwenda kwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, nikarudi naye, na nikasema kwa sauti kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inaweka adhabu. Mhubiri alinijibu kwamba ninawalazimisha imani yangu. Nikamwambia ndiyo, katika hili ninakulazimisha, na nitarudi na polisi. Mvulana alitoka jioni ile, akakaa kwa bibi yake.

Je, nilijipinga? Nimelifikiria sana. Kipimo ni kile kile: hapana ya nani inahesabika? Mvulana yule hapana yake ilikuwa imefungiwa chumbani. Niliyemlazimisha ni yule mwenye ufunguo, na nilimlazimisha auachie. Kwa mke anayepigwa nasema vivyo hivyo. "Hayo ni mambo ya nyumbani kwao" ni maneno ya mtu anayemwachia mwenye ngumi uamuzi wote. Kwa msichana anayerudi usiku kutoka kazini, mwenye ufunguo alikuwa sisi.

Siku hizi jambo lililo mezani ni baa iliyofunguliwa karibu na shule yetu. Kanisa, wazazi wa Katoliki, watu wa uamsho na Waislamu wachache wameungana kuandika barua kwa komini, na safari hii nilikubali kuandika nao. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Ilizungumzia Sodoma, ilizungumzia "wanawake wasio na maadili", ilisema walevi ni mzigo wa taifa, na ikaomba baa zote za kartie zifungwe. Mwenye baa ni mama mjane. Nilikwenda kumwona kabla ya kikao. Alinikaribisha soda, tukaongea juu ya watoto wetu, nami nikamwambia bila kuficha kwamba ningefurahi auze kitu kingine. Akasema amesikia, na kwamba vitu vingine amejaribu. Nikamuuliza juu ya spika anayoiweka barazani saa nne asubuhi, wakati wangu wa hesabu. Hakujua kwamba inafika darasani.

Kwenye kikao tulibishana hadi taa ikazimika, tukaendelea na simu. Nilitaka kila sentensi ya barua ijibu swali hili: ni nani anaumia, na anaumiaje? Kelele wakati wa masomo zinamuumiza mtoto. Pombe inayouzwa kwa mwanafunzi mwenye sare inamuumiza mtoto. Sodoma ikafutwa. Wanawake wakafutwa, ingawa mzee wangu hakupenda na alisema hivyo waziwazi, kisha akaweka saini yake karibu na yangu. Barua iliyokwenda komini ina mambo matatu: muziki usipigwe kabla ya saa nane mchana siku za shule, wanafunzi wasiuziwe, na spika ielekezwe upande wa barabara kubwa. Mwenye baa amepewa nakala. Spika ameshaigeuza. Kuhusu saa nane anasema ni kuchelewa mno, anataka saa saba, na Jumamosi tutakaa naye tulizungumze.